Kinga bila kinga: historia ndefu ya goti na kiwiko katika vilima vya Likasi

LIKASI, Haut-Katanga – Kabla jua halijatoka, kinga zimekwisha kuingia barabarani. Zinatoka vijijini, nyingine umbali wa makumi ya kilometa, zimebeba mifuko ya makala iliyofungwa kwa kamba za mpira: miwili pembeni na mmoja juu, au zaidi kwa mwenye nguvu. Kwenye mpando mwenye kinga anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma. Kwenye mteremko mambo yanageuka: mzigo ndio unaomsukuma yeye.

Ukitaka kujua mtu ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingapi, si lazima umuulize. Tazama magoti yake na viwiko vyake. Makovu yako palepale kwa wote: juu ya pia ya goti na kwenye ncha ya kiwiko. Changarawe za barabara zimeandika hapo.

Siku hizi vijana wanaona kwenye simu video za watu wa Ulaya na Marekani wakishuka milima kwa baiskeli za michezo, wamefunga magoti na viwiko kama askari wanaokwenda vitani. Wengi wanacheka na kusema huo ni mchezo wa watu wenye pesa za kuchezea. Lakini historia ya vikingio hivyo haikuanzia mchezoni. Ilianzia shimoni, kwa wachimba shaba na makaa ya mawe, watu wa kazi ileile iliyoujenga mji wa Likasi. Na mwenye kuifuata historia hiyo anakuta jambo jingine: goti la mfanyakazi lilitunzwa zaidi pale ambapo kulikuwa na mtu mwingine aliyelazimika kulipa likivunjika.

Neno moja, vitu viwili

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa akifika Likasi anaweza kushangaa akisikia mtu anasema amenunua kinga mpya, au kinga yake imepasuka tairi. Kwake yeye kinga ni kitu cha kuzuia madhara: chanjo ni kinga, mwavuli ni kinga. Katanga kinga ni baiskeli. Lugha jirani zina neno la namna hiyo pia: kwa Kibemba ni incinga, kwa Kilingala nkinga.

Maneno haya mawili yanafanana kwa sauti tu. Lakini mfanano huo una uchungu wake. Katika mji ambao baiskeli inaitwa kinga, mwenye kinga ndiye anayepita barabarani bila kinga yoyote mwilini: hana kaske, hana glovu, mara nyingi ana sandali za mpira miguuni na suruali iliyopasuka magotini. Ili kutowachanganya wasomaji, hapa kinga itakuwa baiskeli, na vitu vya kufunga magotini na viwikoni vitaitwa vikingio. Waliofanya kazi kwenye kampuni wanavijua kwa jina la Kifaransa, genouillères na coudières, na wanaviweka katika kundi la EPI, vifaa vya kumlinda mfanyakazi.

Shimoni kwanza, barabarani baadaye

Mwaka 1556, mjini Basel, kilichapishwa kitabu cha Kilatini kinachoitwa *De re metallica*. Mwandishi wake, daktari Mjerumani Georgius Agricola, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alikuwa ameishi kati ya wachimbaji na kutibu magonjwa yao, na katika kitabu hicho alieleza jinsi wanavyopaswa kuvaa. Alitaja jiwe moja ambalo likilowa linakula miguu na mikono ya wachimbaji, na pia linaumiza mapafu na macho. Kwa sababu hiyo aliwataka wavae buti za ngozi mbichi, glovu ndefu zinazofika hadi kiwiko, na kitambaa usoni. Jiwe hilo wachimbaji wa Kijerumani waliliita kobelt. Ndiko lilikotoka jina la kobalti, madini ambayo leo yanaipeleka Katanga kwenye kila redio ya dunia. Basi ushauri wa kufunika mkono hadi kiwiko mbele ya madini haya una umri wa karibu miaka 470.

Katika nchi hiyohiyo ya Ujerumani, eneo la Mansfeld, watu walichimba shaba kwa mamia ya miaka katika tabaka jembamba mno. Mahali pengi nafasi ya kufanyia kazi haikufika hata nusu meta. Mchimbaji hakuweza kusimama wala kukaa. Alilala ubavu akajiburuta, na ili ngozi isiishe alifunga kibao kwenye paja. Hakuna aliyemcheka. Bila kibao asingefika mwisho wa wiki.

Uingereza, wachimba makaa ya mawe walipiga magoti kutwa nzima kwenye tabaka za chini. Magoti na viwiko vyao vilivimba, vikajaa maji na usaha. Kwa muda mrefu wenye migodi walisema hayo si ajali, ni kawaida ya kazi. Mwaka 1906 bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi, na mwaka uliofuata uvimbe wa goti na uvimbe wa kiwiko wa wachimbaji viliongezwa katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipwa. Tangu hapo goti la mchimbaji lilikuwa na bei. Na kitu chenye bei kinatafutiwa ulinzi.

Likasi inazaliwa

Mwaka huohuo wa 1906, tarehe 28 Oktoba, ilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga. Wabeleji walikuwa na sehemu yao, na Waingereza wa Tanganyika Concessions ya Robert Williams walikuwa na yao. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea hadi Kambove mwaka 1913. Mwaka 1921 mtambo wa kusafisha mawe ya shaba ulianza kazi Panda. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme. Mji uliokua kati ya mitambo hiyo uliitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbeleji Jean Jadot, hadi mwaka 1966 uliporudishiwa jina la Likasi.

Miaka ya mwanzo kampuni haikujali sana mwili wa mfanyakazi. Watu waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wengi waliugua na kufa, na waliobaki walirudishwa makwao. Aliyevunjika alipatiwa mwingine wa kushika nafasi yake. Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, pale kuleta watu wapya kulipoanza kugharimu kuliko kuwatunza waliopo. Kampuni ikaanza kuwataka wafanyakazi wakae miaka mingi pamoja na wake na watoto. Zikajengwa kambi, shule na hospitali, na posho ikagawiwa kwa kipimo. Huruma haikuwa sababu kubwa. Mtu aliyekwisha kufundishwa kazi alikuwa ni gharama, na gharama haiachwi ianguke ovyo.

Sheria nayo ilifuata polepole. Mwaka 1949 ilitolewa amri ya kuwalipa wafanyakazi Wakongomani wanaoumia kazini au kupata magonjwa ya kazi. Baada ya uhuru, amri ya tarehe 29 Juni 1961 iliunda mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, ambao wazee wanauita bado INSS. Siku hizi unaitwa CNSS. Mfuko huo unalipia ajali za kazi kwa mtu mwenye mwajiri aliyemwandikisha na kumtolea michango.

Kampuni ilipochukuliwa na serikali na baadaye kuitwa Gécamines, utaratibu wa vifaa uliendelea. Kaske, buti na glovu vilikuwa alama ya mtu wa kazi. Kijana alimtambua baba wa rafiki yake kwa kaske kabla ya kumwona uso. Kazi nyingi zilifanyika kwenye machimbo ya wazi na kwenye mitambo, ambako watu walisimama. Lakini fundi aliyepiga magoti juu ya chuma kutwa alijua thamani ya kipande cha ngozi au sponji chini ya goti, na aliyekosa alijitengenezea.

Siku kaske zilipobaki nyumbani

Kisha kampuni ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 zilibaki karibu tani 30,000 tu. Kati yake mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zilizokuwa hapa kwa vizazi ziligonja treni kituoni kwa wiki na miezi. Mishahara ilichelewa, kisha ikakoma. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka na malipo ya mara moja. Mpango huo uliitwa wa kuondoka kwa hiari, ingawa wengi wao wanalisikia neno hiari kama mzaha.

Watu wa Likasi wakarudi kwenye vitu viwili vilivyokuwa karibu: ardhi na kinga. Ardhi ilitoa mahindi, makala, na kwa wengine mawe ya shaba na kobalti yaliyochimbwa kwa mikono. Kinga ilibeba vyote. Ilibeba makala kutoka msituni, unga kutoka kinuni, mifuko ya mawe kutoka shimoni hadi kwa mnunuzi. Kinga nzito za China na India, zilizoundwa kumbeba mtu mmoja, zikabeba mzigo wa gari dogo.

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Kazi za kutumia magoti na viwiko ziliongezeka sana, na wakati huohuo aliyekuwa na wajibu wa kuvilinda alitoweka. Mchimbaji wa mikono anatambaa kwenye vishimo vyembamba kama wale wa Mansfeld, lakini bila hata kibao cha pajani. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtambua, ila mara nyingi hana mwajiri. Mwenye kinga ya makala hana mwajiri kabisa. Akianguka kwenye mteremko na goti likapasuka, CNSS haimjui. Anayelipa ni mke wake, watoto wake, na deni la dawa.

Mpira ulioondoka ukarudi

Kuna upande mwingine wa habari hii, na Kongo iko katikati yake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya tairi ya kujazwa hewa. Baiskeli iliyokuwa inatikisa mifupa ikawa laini. Ulaya na Marekani zikapata homa ya baiskeli, na bei ya mpira ikapanda. Mpira mwingi ulitoka katika misitu ya nchi ya Mfalme Léopold wa 2, Kongo, ambako vijiji vilitozwa mpira kwa bunduki na fimbo, na ambako watu walikatwa mikono. Katanga haikuwa kitovu cha mpira huo, lakini ilikuwa chini ya bendera ileile, hasa baada ya mfalme Msiri kuuawa mwezi Desemba 1891.

Ulaini wa baiskeli ya kwanza ulilipiwa kwa miili ya Wakongomani. Leo tairi kuukuu zinazotupwa zinapata maisha ya pili mikononi mwa Wakongomani wengine. Zinakatwa kuwa sandali, kamba za mizigo, bawaba za milango. Na Goma zinamlinda mtu anayeendesha chukudu.

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobeba viazi, kabichi, kuni na saruji katika Kivu ya Kaskazini. Mwendeshaji anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Goti hilo haliwezi kukaa juu ya mbao tupu, kwa hiyo mafundi wanapigilia kipande cha mpira au sponji mahali pake. Hakuna aliyeletewa mfano kutoka ng'ambo. Goti liliuma, fundi akafikiri. Chombo hicho kiliheshimiwa hadi kikawekewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji wa Goma. Kwa hiyo kikingio cha goti kwa mtu wa magurudumu mawili si kitu kigeni kwa Kongo. Kipo tayari, ila kimepigiliwa kwenye ubao badala ya kufungwa mwilini.

Mchezo ulioanza kwa kinga nzito

Basi baiskeli za mlimani zilitoka wapi? Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, kundi la vijana lilishindana kushuka mlima kwa njia ya vumbi na mawe. Njia hiyo inashuka karibu mita 400 katika umbali usiofika kilometa 4. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, nzito, zenye tairi pana na freni moja ya nyuma inayofungwa kwa kurudisha pedali. Kufika chini, freni ilikuwa imepata moto hadi grisi ya ndani imeungua na kutoa moshi, na ilibidi ijazwe upya. Kwa sababu hiyo mbio ziliitwa Repack. Kati ya waliokuwapo miaka hiyo ni Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, majina yanayojulikana leo na kila mpenzi wa mchezo huu.

Mwenye kinga wa Likasi akisoma maelezo hayo atajitambua: kinga nzito, mteremko, freni zisizotosha. Vijana wale nao hawakuwa na nguo maalumu. Walivaa buti za kazi, suruali ngumu za jinzi na glovu za ngozi, yaani nguo za mfanyakazi. Walipozidisha mwendo ndipo walipoazima vikingio kwa watu wa pikipiki, na vile vya pikipiki vilikuwa vimetokana na kazi na vita. Mwaka 1990 mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mlimani chini ya shirikisho la UCI yalifanyika Durango, Marekani. Mwaka 1996 mchezo uliingia Olimpiki mjini Atlanta. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alikimbia katika mbio hizo, na jirani wote wa Maziwa Makuu walitazama.

Rwanda ina fundisho jingine. Tom Ritchey, mmoja wa mafundi waliounda fremu za kwanza za baiskeli hizo mwishoni mwa miaka ya 1970, alikwenda huko katikati ya miaka ya 2000. Aliona wakulima wakisukuma kahawa kwenye baiskeli za mbao na za chuma zisizo na freni za maana. Akachora baiskeli ndefu ya mizigo kwa ajili ya kahawa, yenye gia na freni. Mtu aliyesaidia kuuzaa mchezo alikubali kwamba mwenye mzigo ndiye anayekihitaji zaidi kile mwenye mchezo alichokizoea.

Kikingio kinafanya nini hasa

Goti na kiwiko vina jambo moja linalofanana: mfupa uko karibu na ngozi, na nyama ya kuufunika ni kidogo. Mtu akianguka, mkono unatangulia, kisha kiwiko, na goti linapiga chini karibu wakati huohuo. Ngozi ya hapo ikichanika inachelewa kupona, kwa sababu kila ukikunja mguu kidonda kinafunguka upya. Changarawe ikibaki ndani inaleta usaha, na asiyechanjwa anaweza kupata pepopunda.

Kikingio kizuri kina sehemu mbili. Ganda la nje ni gumu kiasi na linateleza, ili goti lisikwame kwenye changarawe huku mwili ukiendelea mbele. Ndani kuna kitu laini kinachomeza kishindo. Ulaya ina kipimo chake, EN 1621-1, kilichotolewa mwaka 1997 kwa ajili ya watu wa pikipiki na kinachotumiwa pia kwa vikingio vya baiskeli za mlimani. Kikingio kinapigwa kwa nguvu inayokaribia ile ya jiwe la kilo 5 linaloanguka kutoka meta 1, kisha hupimwa ni nguvu kiasi gani imepenya. Mwaka 1999 Mwingereza Richard Palmer alianza kutengeneza D3O, kitu kinachokaa laini mtu akitembea na kuwa kigumu kikipigwa. Tangu hapo vikingio vimekuwa vyepesi, na vinaweza kuvaliwa kutwa.

Je, vinasaidia kweli? Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu walioumia wakiteleza kwa viatu vya magurudumu. Asiyevaa vikingio vya viwiko alikuwa na uwezekano wa karibu mara 10 wa kuumia kiwiko kuliko aliyevaa. Kwa magoti faida ilionekana kuwa ndogo zaidi, na waliochunguzwa hawakutosha kuithibitisha. Ni vizuri kulisema hilo wazi. Kikingio kinazuia michubuko, vidonda na mipasuko. Goti likipinda vibaya na mishipa ikakatika ndani, hakina la kufanya. Hakichukui nafasi ya kaske kichwani. Na hakitengenezi freni mbovu: mwenye franka za kitu kimoja tu aanze na freni.

Sababu za kukataa, na majibu yake

Wenye kinga wana sababu zao, na si za kijinga. Ya kwanza ni joto. Mtu anayesukuma mifuko mitatu kwenye mpando mwezi Oktoba hawezi kufungwa sponji magotini. Jibu limo katika desturi ya wanamichezo wenyewe: wakipanda wanavishusha hadi vifundoni au wanaviweka mfukoni, wakifika juu wanavivuta. Mpandoni mtu anaanguka polepole. Mteremkoni ndipo anapoanguka kweli.

Ya pili ni bei. Vikingio vya dukani vinagharimu pesa ambazo mbebaji wa makala hawezi kuzitoa. Lakini kila kitu kinachohitajika kipo sokoni Kikula: jinzi kuukuu, sponji la godoro, mpira wa ndani wa tairi, na fundi viatu anayejua kushona vitu vigumu. Jinzi inashonwa tabaka mbili kama bomba fupi, sponji linawekwa mbele, na juu yake kipande cha mpira mgumu au cha plastiki ya bidoni kinachofunika pia yote ya goti na kidogo pembeni. Mikanda miwili ya mpira inakaa moja juu ya goti na nyingine chini yake. Isipite nyuma kabisa ya mkunjo, kwa maana hapo inabana damu na kuchubua ngozi. Kwa kiwiko ni vilevile, kwa kipimo kidogo. Viwe vya kufuliwa, la sivyo jasho litaleta upele na mtu ataviacha.

Kitu hicho hakitafaulu mtihani wa maabara ya Ulaya. Lakini kati ya changarawe na ngozi tupu, tabaka mbili za jinzi na sponji si kitu kidogo. Wachimbaji wa Mansfeld walianza na kibao tu.

Ya tatu ni kicheko. Pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu mzima aliyefunga magoti anaonekana kama mtoto au mwoga. Hata hivyo, wazee wa Panda na Shituru wanakumbuka kwamba zamani asiye na kaske ndiye aliyechekwa. Kofia ya kazi ilikuwa fahari, kwa sababu ilimtambulisha mtu ambaye mwili wake una mwenye kuujali.

Nani analihesabu goti

Kwa miaka mingi goti la mtu wa Likasi lilihesabiwa na kampuni. Ililihesabu kwa faida yake yenyewe, na hesabu hiyo haikuwa ya haki. Ila ililihesabu. Kampuni ilipodhoofika, hakuna aliyeishika kalamu. Serikali inamjua mwenye mwajiri, sheria ya madini inamjua mwenye kadi ya mchimbaji. Mwenye kinga anajulikana na mnunuzi wa makala peke yake, na mnunuzi anahesabu mifuko.

Vyama vya wabebaji na vya wachimbaji vipo katika miji mingi ya Katanga. Vinakusanya michango kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Franka chache za mfuko huo zikienda kwa fundi viatu kabla ya ajali, huenda zikapunguza zile zinazokwenda hospitalini baada yake. Hiyo ndiyo hesabu ambayo Union Minière iliifanya mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mfuko wake. Wenye kinga wanaweza kuifanya kwa ajili ya watoto wao.

Kesho alfajiri watashuka tena kuelekea Kikula, mzigo ukiwasukuma mgongoni. Bukari ya jioni katika nyumba nyingi za Likasi inategemea magoti hayo yafike chini yakiwa mazima.